Barua ya Kufutwa Kazi Isiwe Cheti cha Kifo



Kuna uongo mmoja ambao wakubwa wa nchi hii wameurudia kwa miaka mingi hata ukavikwa kanzu ya ukweli. Uongo huo wadai kwamba uchumi unapodorora na watu wakafutwa kazi, kinachopotea ni fedha tu. Mlalahoi atakaza mkanda, atavumilia, na mambo yatakapotengenea ataulegeza mkanda wake na kuendelea na maisha pale alipoyaachia. Sisi twauliza: yule aliyezikwa katika mwaka wa pili wa kukaza mkanda, nani atamlegezea?

Makala hii inawahusu wafu hao. Hawana mtetezi kwa sababu vyeti vyao vya kifo vimeandikwa malaria, kifua kikuu, kuhara, kisukari, shinikizo la damu, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwamba marehemu alifutwa kazi Machi, akakosa pesa za dawa Julai. Daktari huandika ugonjwa ulioua. Aliyeufungulia ugonjwa huo mlango haandikwi popote.

Tuanze na tarehe, maana wenye makosa hupenda tusahau tarehe. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya Uhuru, serikali iliifuta ada ya shilingi tano aliyokuwa akitozwa mgonjwa asiyelazwa katika hospitali za umma. Kwa takriban robo karne mwananchi aliingia hospitali ya serikali kwa haki ya uraia wake. Dawa zilikuwa haba na foleni zilikuwa ndefu, hilo hatulifichi, lakini umaskini pekee haukuwa sababu ya mtu kurudishwa langoni. Desemba 1989 mambo yaligeuka. Serikali ya chama kimoja ilikuwa imekaa na wakopeshaji wa kimataifa, wakakubaliana juu ya marekebisho ya uchumi, na miongoni mwa yaliyofuata ukawa mpango wa kuchangia gharama hospitalini. Bunge lililokuwapo lilikuwa lile lililopatikana kwa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walipangwa mistari hadharani, na katika sehemu kadhaa mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi. Bunge la namna hiyo lingekuwa na ubavu wa kumuuliza nani swali?

Matokeo hayakuchelewa. Katika kliniki moja kubwa ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti waliwahesabu wagonjwa kabla ya ada, wakati wa ada na baada yake, na hesabu zao zikachapishwa mwaka 1992 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Katika miezi tisa ya ada, wanaume waliofika kwa mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali. Wanawake walishuka hadi asilimia 65. Msomaji na atafakari hiyo ilikuwa kliniki ya aina gani na huo ulikuwa wakati gani. Mtu mwenye kidonda cha zinaa kisichotibiwa huambukiza na kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa wepesi zaidi. Hilo lilikuwa limekwisha kujulikana, tena kwa utafiti uliofanywa papa hapa Nairobi katika miaka ya themanini. Basi wakati uleule virusi vilipokuwa vikienea kama moto wa nyikani, serikali ilimweka mtoza ada kwenye mlango wa kuzimia moto.

Septemba 1990 ada ya kujiandikisha ilisimamishwa. Ilikuwa miezi miwili baada ya Saba Saba. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Twaziweka tarehe mbili kando kwa kando, msomaji ajionee. Ada iliposimama, wanawake walirejea kliniki ile hata wakaipita idadi ya awali. Wanaume hawakurejea wote. Walifika asilimia 64 tu. Mtu akishazoea kukaa na ugonjwa wake nyumbani, si rahisi kumrudisha kwa daktari. Kisha kuanzia 1991 ada zikarudi hatua kwa hatua, zikiwa zimebadilishwa jina: sasa mgonjwa hakutozwa kwa kujiandikisha, alitozwa kwa kutibiwa.

Mzigo huo ungekuwa mzito hata katika nyakati za neema. Ulikuja katika nyakati za dhiki. Novemba 1991 wafadhili walizuia misaada yao. Mwaka 1992 pato la taifa lilipungua badala ya kukua. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46, maana yake ni kwamba mshahara uliobaki palepale ulipoteza karibu theluthi ya nguvu zake kabla mwenye mshahara hajaguswa na mtu. Vigogo wa chama tawala walizunguka mikutanoni wakisema hayo ndiyo matunda ya vyama vingi. La hasha! Si vyama vingi vilivyolipa mabilioni ya shilingi kama ruzuku ya kuuza ng'ambo dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa nazo za kuuza. Mpango wa Goldenberg uliidhinishwa kabla kifungu cha 2A hakijafutwa Desemba 1991, na wenye kuuidhinisha hawakuwa wapinzani. Tume ya Jaji Bosire, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilichambua hundi na akaunti. Haikuwa kazi yake kuhesabu makaburi, na hakuna tume nyingine iliyopewa kazi hiyo.

Ndipo barua zikaanza kutoka. Kuanzia 1993 serikali ilipunguza watumishi wake kwa mpango ulioitwa wa kustaafu mapema kwa hiari. Mwaka 2000 ilirudi tena kuwapunguza, safari hii bila kujisumbua sana na neno hiari.

Mwandishi wa makala hii alikuwa na jirani, karani katika idara moja ya serikali, mtu wa kuvaa tai hata siku ya Jumamosi. Alipopata barua yake tulimfariji kwa maneno yale ya kawaida: una kiinua mgongo, una shamba, una nguvu. Kiinua mgongo kilichelewa. Nyumba ya serikali haikuchelewa. Alitakiwa kuirudisha katika muda uliotajwa, naye akahamisha watu sita kwenye vyumba viwili mbali na mjini. Mkewe alikuwa na kisukari. Wakati wa ajira sindano zake zilitoka kwenye mpango wa matibabu wa mumewe, na hakuna aliyezizungumzia, kama vile mtu asivyozungumzia maji ya mfereji yanapotiririka. Mpango ulikoma pamoja na mshahara. Kwanza walinunua dawa ya mwezi, kisha ya wiki. Kisha sindano ya asubuhi na jioni ikawa ya asubuhi peke yake, kwa kuwa karo ya kifungua mimba ilikuwa imefika na mama mwenyewe ndiye aliyeamua karo ilipwe kwanza. Alikufa katika mwezi wa kumi na nne. Cheti kilisema kisukari. Jirani yetu, aliyekuwa hagusi pombe, alianza kuigusa.

Tunalitaja hili kwa sababu ndivyo ufukara mpya unavyoua, na wanaoandika sera hawauoni ukiua. Hauui kwa kishindo. Dawa ya siku tano hunywewa siku mbili, zilizobaki zikahifadhiwa kwa mtoto mwingine. Mtoto mwenye homa hungojwa mpaka asubuhi, asubuhi ikageuka jioni, kwa sababu nauli ni ileile ya unga. Maziwa huondoka mezani, kisha mboga, kisha mlo mmoja. Familia huhamia mtaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi na choo kimoja hutumiwa na nyumba kumi. Kila hatua ni ndogo na ya busara kwa aliyeichukua. Zikijumlishwa, hizo hatua ni jeneza.

Na kuna chupa. Novemba 2000, mwaka uleule wa barua za pili, zaidi ya watu 100 waliangamia Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli. Wengine waliponea wakiwa vipofu. Pombe za namna hiyo walevi waliziita kumi kumi, kwa bei yake. Hatudai kwamba wote waliokufa walikuwa wamefutwa kazi. Twasema tu kwamba hakuna mtu mwenye hakika ya mshahara wa mwisho wa mwezi anayenunua usahaulifu kwa shilingi kumi.

Haya si masimulizi ya vijiweni. Serikali yenyewe iliyaandika. Katika uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 1993, watoto 96 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa 1998 ulipata 112. Ule wa 2003 ukapata 115. Ndugu msomaji, nchi ambayo tangu Uhuru ilikuwa ikipunguza vifo vya watoto wake iligeuka ikaanza kuviongeza, bila vita na bila tauni ya kuku wala ya ng'ombe. Watoto waliopata chanjo zote walikuwa asilimia 79 mwaka 1993. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 65, na mwaka 2003 asilimia 57.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu la kuheshimiwa: UKIMWI. Ni kweli kabisa. Ugonjwa huo ulifagia watu wazima na kuwafuata watoto wao, na sehemu kubwa ya ongezeko la vifo ni yake. Serikali ilingoja hadi Novemba 1999 ndipo ikautangaza kuwa janga la taifa. Lakini atakayetaka kuutumia UKIMWI kama pazia la kuuficha uchumi atueleze kwanza habari ya chanjo. Virusi havimzuii mtoto mzima kuchanjwa surua. Chanjo hukosekana mama anapokosa nauli, muuguzi anapopunguzwa, friji ya zahanati inapokosa mafuta, na mama anapoogopa kwamba akifika atadaiwa ada ya kitu kingine. Kisha atueleze habari ya kliniki ile ya Nairobi. UKIMWI na ada havikuwa maadui wawili waliotujia kwa njia mbili. Mmoja alimshikia mwenzake ngazi.

Kuna jibu la pili, la wasomi zaidi, nalo hutoka ng'ambo. Mwaka 2000 mchumi wa Marekani, Christopher Ruhm, alichapisha hesabu za majimbo ya nchi yake za kuanzia 1972 hadi 1991, akaonyesha kwamba ukosefu wa kazi ulipopanda, vifo kwa jumla vilishuka kidogo. Watu waliendesha magari kidogo wakagongana kidogo, walivuta sigara kidogo, wakapata nafasi ya kutembea kwa miguu. Ni utafiti halali, na mwenyewe hakuficha kwamba vifo vya kujiua vilipanda. Shida ni wale wanaoubeba kutoka Marekani hadi Mathare bila kuufungua. Mkazi wa Mathare hana gari la kuliegesha ili afya yake inufaike. Alikuwa akienda kazini kwa miguu tangu awali! Katika nchi maskini hesabu husema kinyume: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya habari za watoto milioni 1.7 kutoka nchi 59 zinazoendelea, ulionyesha kwamba pato la nchi linapoanguka vifo vya watoto wachanga hupanda, na wa kike huumia kuliko wa kiume. Kwa nini wa kike? Kila mzazi aliyewahi kugawa chakula kisichotosha alijibu swali hilo kimoyomoyo, wala asione haya peke yake.

Hata huko Marekani, jumla huficha mtu. Wachumi wawili, Sullivan na von Wachter, waliwafuatilia wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania waliokuwa wamekaa kazini miaka mingi kisha kampuni zao zikawapunguza. Katika mwaka uliofuata, vifo miongoni mwao vilikuwa asilimia 50 hadi 100 zaidi ya vilivyotarajiwa. Miaka ishirini baadaye bado walikuwa wakifa zaidi ya wenzao. Aliyefutwa akiwa na umri wa miaka 40 alipokonywa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu wa maisha yake. Jimbo zima laweza kuwa na afya njema kidogo huku aliyefutwa kazi akiingia kaburini. Mambo hayo mawili hayapingani, na sisi tunamsemea yule wa pili.

Je, basi ni majaaliwa? Je, kila uchumi ukianguka lazima tuchimbe makaburi? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nchi mbili zilizopakana zilianguka pamoja. Finland, iliyokuwa ikiiuzia Muungano wa Kisovieti bidhaa nyingi, ilipoteza soko hilo na mabenki yake yakayumba. Wasio na kazi wakaruka kutoka takriban asilimia 3 mwaka 1990 hadi zaidi ya asilimia 16 miaka michache baadaye. Vifo havikupanda, na hata waliojiua walipungua. Urusi nayo iliporomoka, na umri ambao mwanamume aliyezaliwa huko angetarajia kuishi ukashuka kutoka karibu miaka 64 mwaka 1990 hadi chini ya 58 mwaka 1994. Urusi ilikuwa na vodka yake na msukosuko wa dola lililovunjika, hilo tunalikiri, tena mporomoko wake ulikuwa mkubwa zaidi. Lakini Mfini aliyefutwa kazi alibaki na daktari wake, posho yake na nyumba yake. Uchunguzi wa nchi 26 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2009 ulithibitisha jambo hilohilo: ukosefu wa kazi ulipopanda, kujiua kulipanda, isipokuwa pale serikali zilipotumia fedha za kutosha kuwasaidia waliofutwa kurudi kazini. Kudorora kwa uchumi ni mvua. Kuezekwa au kutoezekwa kwa paa ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo ana jina, ana afisi, na katika nchi yenye uchaguzi ana siku ya kujibu.

Tutende haki pia. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Mwaka 2013 ziliondolewa, na kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma. Uchunguzi wa 2022 ulipata vifo 41 vya watoto kati ya 1,000. Vyandarua, chanjo mpya na dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilichangia sana, na walipa kodi wa nchi nyingine walilipia sehemu kubwa. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba mageuzi hayo yalikuja baada ya serikali kujua kwamba yaweza kuondolewa kwa kura, jambo ambalo wakubwa wa 1989 hawakulijua.

Lakini paa bado lina tundu, tena juu ya kitanda cha yule aliyefutwa kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi na alipe malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimizwa kazini. Juu ya matibabu ya mfanyakazi huyo na watoto wake kuanzia asubuhi inayofuata, kifungu hicho kimenyamaza kama kaburi. Ilipoanza bima mpya ya afya ya jamii Oktoba 2024, mwenye mshahara alikatwa asilimia 2.75 kila mwezi, kidogo kidogo, kabla hajaziona pesa. Asiye na mshahara alitakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi, yaani 3,600. Hebu tazama hekima hiyo: siku mtu anapopoteza njia ya kupata pesa ndiyo siku anapodaiwa pesa za mwaka. Mwaka 2025 ukaletwa mpango wa kumkopesha mchango huo. Aliyekosa dawa kwa sababu ya deni aliandikiwa deni.

Na Mahakama Kuu ilipaswa kuamua, mwaka 2015, kwamba kumzuilia hospitalini mama aliyejifungua kwa sababu hana pesa za kulipa ni kuvunja Katiba. Jambo ambalo bibi yangu angelijua bila kitabu lilihitaji jaji.

Tunadai mambo matatu, wala si makubwa. Mfanyakazi yeyote anayepunguzwa, wa serikali au wa kampuni, aendelee kuwa ndani ya bima ya afya pamoja na wanaomtegemea kwa mwaka mzima, mwajiri akilipa miezi sita na hazina ya taifa ikilipa sita. Hakuna mpango wa kupunguza watumishi wa umma utakaoidhinishwa na Bunge bila karatasi inayoonyesha ni vitanda vingapi, wauguzi wangapi na dawa zipi zitaguswa. Na fomu ya kuandikisha kifo iongezwe mstari mmoja: marehemu alipoteza kazi katika miaka miwili iliyopita, ndiyo au la. Mstari huo hautamfufua mke wa jirani yangu. Utatufanya tujue wako wangapi kama yeye, na waziri atakayesema kwamba kukaza mkanda hakumuui mtu atasomewa idadi yao ndani ya Bunge.

Mswada wa namna hiyo hauhitaji kurasa nyingi. Mbunge wako ana afisi katika eneo lake, na kodi ya afisi hiyo unailipa wewe. Fika huko, umuulize atauwasilisha lini, na uiandike tarehe atakayokutajia.